Nani Alilipia Uzee wa Bibi Zetu?



Ramadhani ikikaribia, simu zetu hujaa ujumbe wa michango. Kikundi hiki kinakusanya mchele, sukari na tende kwa ajili ya wazee, kile kinatafuta mashuka na khanga, kingine kinapika futari sufuria kwa sufuria na kuipeleka kwa gari. Tunatoa, alhamdulillah, na Mola atutakabalie. Ila kila aliyewahi kumuuguza mzee nyumbani anajua kwamba mzee hana msimu. Anataka uji wake kila asubuhi. Dawa ya presha inakwisha kila mwezi, iwe Rajabu au Mfungo Nne. Anahitaji mtu wa kumwogesha, kumgeuza kitandani, kumsomea, na kumsikiliza akirudia kisa kile kile mara ya nne. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, na haiishi mpaka Mwenyezi Mungu amchukue mja wake.

Kwa hiyo tumejiuliza swali la historia. Kabla ya jumuiya zilizosajiliwa, kabla ya wafadhili na miradi yao, bi kizee wa Unguja au Pemba asiye na mtoto wala mume alikula kwa nani? Alilala katika nyumba ya nani? Wengi wetu hujibu haraka kwamba zamani watu walipendana, na mzee alikuwa wa mtaa mzima. Upendo ulikuwepo, hatukatai. Lakini ukichimba kidogo unakuta nyuma ya upendo huo palikuwa na mali: mashamba ya minazi na mikarafuu, milango ya maduka, viwanja na majumba, vyote vimefungwa kisheria ili faida yake iende kwa watu maalumu. Vilikuwa vimewekwa wakfu.

Majumba ya Zubayr

Tuanzie Madina, maana huko ndiko wazee wetu walikochukua mfano. Sayyidna Umar bin al-Khattab alipata ardhi Khaybar, ardhi aliyoithamini kuliko mali yoyote aliyowahi kuwa nayo. Akamwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Umar akaweka masharti: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mazao yake ni ya mafukara, jamaa, kukomboa watumwa, msafiri na mgeni. Na anayeisimamia hana lawama akila humo kwa wastani. Sharti hilo la mwisho tutalirudia huko mbele, kwa sababu lina kazi.

Kuna jambo jingine katika wakfu ule ambalo hatulisikii sana kwenye mawaidha. Baada ya yeye mwenyewe, Umar alimwachia nani usimamizi? Alimwachia binti yake, Mama wa Waumini Bibi Hafsa, maisha yake yote, na baada yake wenye rai njema katika jamaa zake. Shamba, hesabu zake, wafanyakazi wake na haki za mafukara ndani yake, vyote viliwekwa mikononi mwa mwanamke.

Kisha yuko Zubayr bin al-Awwam. Yeye aliyaweka majumba yake sadaka, akasema binti yake yeyote atakayeachwa na mume ana haki ya kukaa humo, asidhuru wala asidhuriwe. Akiolewa tena akatoshelezwa na mume, haki hiyo inasimama. Imam al-Bukhari ameitaja habari hii katika Sahihi yake.

Bi harusi unayesoma hapa huku ukichagua rangi ya hina, tunajua hutaki kusikia habari za talaka wala ujane wiki hii. Lakini Zubayr alikuwa baba, na alilifikiria jambo ambalo baba zetu wengi hawalifikirii wakati wa kupokea posa: huyu mtoto akirudi, atarudi wapi? Na akifika miaka sabini peke yake, je? Mume akifariki na kuacha watoto, fungu la mke ni thumni, sehemu moja kwa nane, na wakiwa wake wawili wanagawana hiyo hiyo. Ni hukumu ya Mwenyezi Mungu, haina mjadala, na ina hekima yake, kwa kuwa watoto wamewajibishwa kumtunza mama yao. Kwenye maisha, nyumba ikiuzwa ili warithi wagawane, mama anaanza kuhama: miezi mitatu kwa huyu, miwili kwa yule, mabegi yake mawili hayafunguliwi kabisa. Asiyezaa hana hata pa kuhamia. Zubayr aliliziba tundu hilo kwa jengo lenye masharti.

Visiwa vya wakfu

Huku kwetu karne ya 19 ilileta fedha nyingi. Karafuu ilishamiri, bandari ya Unguja ikawa soko la pwani yote, na wenye mali wakajenga kwa mawe. Matajiri hao waliweka wakfu misikiti, visima, makaburi, mashamba na majumba. Sayyid Humoud bin Ahmed al-Busaidi, wa ukoo wa kifalme, aliacha wakfu mkubwa uliosifika, pamoja na nyumba Makka kwa ajili ya mahujaji wanaotoka kwetu. Wanawake nao hawakubaki nyuma. Mwanamke wa Kiislamu alimiliki chake mwenyewe, akarithi, akapewa mahari, akanunua. Na mwenye nyumba au miti yake aliweza kuandika hati mbele ya kadhi kama mwanamume.

Hati hizo zilikuwa za namna mbili, na ni vizuri tuzielewe. Moja ni wakfu wa heri, ambao faida yake inakwenda moja kwa moja kwa msikiti, mafukara, kisima au futari ya Ramadhani. Ya pili ni wakfu wa dhuria: mwenye mali anawaandikia watoto wake na watoto wao, na ukoo ukikatika, mali inageuka kuwa ya mafukara. Katika wakfu wa dhuria ndimo walimojificha wazee wetu wengi. Shangazi aliyeachwa, nyanya mjane, dada asiyeolewa, wote walikuwa na chumba katika nyumba ya ukoo ambayo hakuna mjomba mwenye madeni angeweza kuiuza. Hakuwa ombaomba hapo. Alikuwa mwenye haki, kwa hati.

Na kulikuwa na kundi jingine, ambalo ni lazima tulitaje bila kuona haya. Mikarafuu ile haikupandwa wala kuchumwa kwa mapenzi. Ilichumwa na watumwa. Amri ya kuondoa hali ya kisheria ya utumwa Zanzibar ilitoka mwaka 1897, na fidia ikalipwa kwa mabwana, si kwa waliotumikishwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo. Kwao ilibidi kungoja hadi 1909. Fikiria mwanamke aliyeletwa mtoto kutoka bara ya mbali, amesahau jina la kijiji chao, amechuma karafuu miaka arobaini, sasa yuko huru na mgongo umepinda. Huru aende wapi? Hana mjomba, hana kaka, hana makaburi ya kwao.

Baadhi ya mabwana na mabibi walikuwa wamewaandikia watu wao walioachwa huru sehemu katika wakfu: pa kukaa, kipande cha kulima, miti ya kuchuma. Wengine walikwenda Ng'ambo, ng'ambo ya mji wa mawe, wakajenga vibanda vya udongo na makuti juu ya viwanja vya matajiri, vingi vikiwa vya wakfu, na kwa miaka mingi kukaa hapo kulihesabiwa kuwa sehemu ya ukarimu wa mwenye ardhi. Tusiupambe ukarimu huo kupita kiasi. Aliyekuwa anapewa kiwanja cha kulala ndiye aliyeuzalisha utajiri ulionunua kiwanja. Hata hivyo, kwa bi kizee yule tofauti ya kuwa na paa na kutokuwa nalo ilikuwa tofauti ya uhai.

Kwa kupita tu, tumkumbuke Sayyida Salme binti Said, maana kisa chake wengi mnakijua kwa mapenzi yake na Mjerumani lakini hamkijui kwa uzee wake. Binti huyu wa Sultani, aliyekabidhiwa shamba lake mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili, alitumia sehemu kubwa ya ujane wake Ulaya akidai urithi asioupata, baada ya kuacha dini na nchi yake. Mwishoni, karibu na kufa kwake mwaka 1924, akapewa posho ya pauni 100 kwa mwaka. Alikuwa na umri unaokaribia themanini. Kama uzee ulimpiga chenga binti wa mfalme, basi yule wa kibanda cha Ng'ambo alikuwa na hali gani?

Kamisheni, kodi na Welezo

Waingereza walipoishika Zanzibar kama nchi ya himaya yao, waliikuta mali hii yote ya wakfu na hawakujua waifanye nini. Kwao mali ni ya mtu, na mtu anaweza kuiuza. Mali isiyouzika, yenye wanufaika arobaini, wengine hawajazaliwa, iliwasumbua akili. Mwaka 1905 ikaundwa Kamisheni ya Wakfu, makadhi na maofisa wa Kizungu meza moja.

Haki itendeke: baadhi ya sababu zao zilikuwa za kweli. Kulikuwa na wasimamizi waliokula, na si kwa wastani. Kulikuwa na majumba yaliyoachwa yaanguke kwa sababu mwekaji wa wakfu aliandika kila senti iende kwa wasomaji wa Qurani na mafukara, asiandike hata moja ya chokaa na boriti. Jambo hilo lingeweza kuepukwa kwa sentensi moja katika hati. Nyumba ya mawe ya matumbawe isipopakwa chokaa na kuzibwa paa, mvua za masika chache tu zinaimaliza.

Lakini Kamisheni ilileta na mtindo wake. Ilipenda orodha, mikataba na kodi inayolipwa kwa wakati. Na kwa jumla, katika miaka ile, ardhi ya Ng'ambo iliyokuwa ikikaliwa kwa ukarimu ilianza kutozwa kodi ya kiwanja, wenye ardhi wakiongeza. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, wanawake wengi wakiwamo, kwa sababu wenye vibanda vile wengi walikuwa wanawake. Sisi tunaousoma mgomo huo leo tunausoma kama siasa. Tukimfikiria mpangaji mzee aliyekwisha acha kazi, ulikuwa suala la kubaki na kitanda chake.

Pigo jingine lilitoka mahakamani. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, liliamua katika kesi ya kutoka Uhindi kwamba wakfu wa dhuria si sadaka ya kweli, kwa hoja kwamba fukara anayengoja ukoo mzima ukatike ndipo apate chake hajapewa kitu. Waislamu wa Uhindi walipinga, na mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuurudishia wakfu huo nguvu. Afrika Mashariki hoja ile ile ya London iliendelea kutumiwa na mahakama, hata katika kesi iliyotoka Kenya na kufika Baraza hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waamuzi hao walimtazama fukara wa mwisho katika hati, wa miaka mia ijayo. Hawakumwona shangazi aliyekaa chumba cha uwani. Katika dini yetu kumlisha jamaa mhitaji ni sadaka na ni kuunga udugu kwa pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa analishwa.

Kwa wale wasio na ukoo kabisa, palikuwa na Welezo, nje kidogo ya mji. Nyumba ya maskini ya Welezo iliendeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, serikali ya kikoloni ikichangia gharama. Tunataka dada zetu mlione vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo linalofanana zaidi na ruzuku tunazoziona leo: serikali inatoa fungu, jumuiya ya dini inatoa mikono. Masista waliwaosha vidonda na kuwalisha wazee na wagonjwa, na wengi wa waliolala pale walikuwa Waislamu. Tunawashukuru kwa hilo, wala hatuoni sababu ya kulizungusha. Swali linalotuhusu sisi ni lile la upande wetu: katika mji wenye misikiti karibu hamsini na majumba ya wakfu kila mtaa, kwa nini mzee asiye na ukoo hakuwa na jengo letu? Jibu letu ni kwamba wakfu zetu ziliandikwa kwa kuwafikiria watu wa mwenye mali: watoto wake, watu wake, msikiti wake. Mgeni asiyekuwa wa mtu alipata sahani ya futari na sanda ya kuzikiwa. Kati ya sahani na sanda kulikuwa na miaka mingi.

Baada ya 1964

Mapinduzi yaligeuza kila kitu. Mashamba makubwa yalitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu, majumba mengi ya Mji Mkongwe yakachukuliwa na serikali, na mali za wakfu hazikusalimika zote. Nyumba ambayo hati yake ilisema ni ya shangazi na mafukara ikajikuta ina wapangaji wa serikali wanaolipa kodi ndogo, na mutawalli wake yuko Maskati au amekufa. Kiasi gani cha haki kilirudi kwa waliodhulumiwa na kiasi gani cha haki ya wanyonge kilipotea humo humo, ni mjadala ambao hautaisha hapa.

Kwa upande wa wazee, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilifanya jambo ambalo hakuna tajiri aliyewahi kulifanya: ilijenga nyumba za wazee Sebuleni, ikawaweka humo watu wasiojiweza bila kuuliza ni wa ukoo gani. Gharama ikawa ya dola. Welezo nayo ikaendelea, na Pemba kuna Limbani. Kwa mara ya kwanza mzee asiyekuwa na mtu alikuwa na haki kwa sababu tu ni mzee na hana kitu. Udhaifu wa mpango huo ulikuja kuonekana baadaye, bei ya karafuu ilipoanguka: fungu la wazee lilisimama juu ya bajeti, na bajeti ilisimama juu ya karafuu.

Andiko la mradi

Miaka ya tisini, milango ilipofunguliwa, Zanzibar ilitunga Sheria ya Jumuiya ya 1995, na jumuiya zikaanza kusajiliwa moja baada ya nyingine: za mayatima, za walemavu, za wanawake, za wazee. Hapo ndipo neno ruzuku lilipoingia katika mazungumzo yetu. Wafadhili wa nje walikuja, na taasisi za kitaifa kama Foundation for Civil Society zikaanza kutoa ruzuku kwa asasi ndogo.

Ruzuku ina namna yake. Jumuiya inaandika andiko la mradi. Inaeleza tatizo, walengwa, shughuli, matokeo yanayopimika na bajeti. Ikikubaliwa, fedha zinakuja kwa awamu, na kila robo mwaka taarifa inapelekwa pamoja na risiti. Baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, mradi unafungwa. Kuna uzuri ndani yake: mwenye kuandika hesabu mara nne kwa mwaka anajifunza kutokula amana, na laiti mamutawalli wa zamani wangedaiwa risiti kiasi hicho. Lakini jaribu kumwingiza bi kizee wa miaka themanini na tatu katika andiko hilo. Matokeo yanayopimika kwake ni yapi? Hatapona uzee. Hatafungua biashara ya maandazi. Mwisho wa mradi atakuwa anahitaji zaidi ya alichohitaji mwanzo, na mfadhili hupenda mstari unaopanda.

Ndiyo maana fedha nyingi hukimbilia semina, vipeperushi na uzinduzi, vitu vyenye mwanzo na mwisho. Mshahara wa mwanamke anayeosha mashuka huitwa gharama za uendeshaji, na gharama za uendeshaji hupunguzwa kwanza. Hapa ndipo tunapokumbuka sharti la Umar: anayesimamia ale kwa wastani. Wakfu wa kwanza maarufu katika Uislamu ulimhesabu mfanyakazi kuwa sehemu ya heri yenyewe. Anayemhudumia mzee bila kulipwa miezi sita ataondoka, na tutamlaumu kwa kukosa imani.

Pamoja na malalamiko hayo, ruzuku moja ilizaa matunda ambayo kila nyumba visiwani imeyaonja. Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar, JUWAZA, ikisaidiwa na shirika la HelpAge International, ilishikilia kwa miaka kwamba wazee wapewe pensheni na serikali, wote, bila kuchagua. Fedha za wafadhili zilitumika kukutanisha wazee, kuandika hoja na kugonga milango ya wizara. Mwezi wa Aprili 2016 ikaanza Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, na katika wiki za mwanzo waliandikishwa zaidi ya wazee 20,000. Inalipwa na Serikali ya Mapinduzi yenyewe kutoka bajeti yake, na ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo Afrika Mashariki. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Mwaka 2020 ikapatikana pia sheria ya mambo ya wazee.

Shilingi 20,000 wakati ule hazikufika dola kumi za Kimarekani. Wapo waliocheka. Hawakuwa wamemwona bibi aliyeanza kushika noti yake mwenyewe, akamtuma mjukuu sabuni, akambakishia mia mbili ya ubuyu. Bibi huyo hakutajiriki, lakini aliacha kuomba ndani ya nyumba ya mwanawe. Na hii yote ilikuja kwa sababu fedha za muda zilitumiwa kutafuta fedha za kudumu. Jumuiya ndogo nyingi zingefaidika kuutazama mfano huo kabla ya kuandika andiko jingine la semina.

Hata hivyo pensheni haifiki kila pahala. Mwanamke wa miaka sitini na sita aliyepooza upande mmoja bado hajafika sabini. Shilingi 50,000 hazimlipi mtu wa kumgeuza kitandani. Na hazimpi chumba.

Chumba

Chumba ndicho kilichotufanya tuandike makala hii. Kila tukirudi katika historia hii, tunaona kwamba chakula kwa njia moja au nyingine kilipatikana, na hata leo kinapatikana. Kilichokuwa kigumu siku zote ni pahala pa mwanamke mzee kukaa bila kuwa mzigo, na mtu wa kudumu wa kumwangalia. Wakfu ulilijibu hilo kwa wenye ukoo. Sebuleni ililijibu kwa wachache wasio na ukoo. Ruzuku haijawahi kulijibu vizuri.

Tangu sheria ya 2007, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo yenye dhamana ya mali hizi Zanzibar, pamoja na mirathi na zaka. Bado inapokea wakfu mpya. Kinachohitajika kinaweza kuwa kidogo kuliko tunavyodhani. Wanachuoni wengi wa zama zetu wanakubali wakfu wa fedha, na watu kadhaa wanaweza kuungana katika mali moja. Vikundi vyetu vya upatu vinajua hesabu kuliko benki. Wanawake ishirini wenye upatu wa mwaka mmoja wanaweza kununua mlango wa duka, au kujenga vyumba viwili uwani kwa mmoja wao, wakaandika hati: kodi ya duka ilipe mhudumu wa wazee wa shehia yetu, au vyumba hivi vikaliwe na mwanamke yeyote wa mtaa aliyefika miaka sitini hana pa kukaa. Waandike pia fungu la matengenezo, kabla ya fungu la mtu yeyote. Waandike nani atasimamia baada yao, kwa jina, na nani baada ya huyo. Jumuiya ndogo yenye kodi ya duka moja, hata kama ni ndogo, inaweza kumwendea mfadhili na kusema mshahara wa mhudumu tunao, tusaidieni viti vya magurudumu. Mazungumzo hayo ni tofauti kabisa na ya kuomba kila kitu.

Na wewe bi harusi, mahari ni yako, hakuna mwenye haki ya kukupangia. Wapo wanaoinunua dhahabu yote, na dhahabu ni akiba nzuri. Ila unaweza pia kumwomba baba, badala ya seti ya pili ya makochi itakayochakaa baada ya miaka mitano, akuandikie alichoandika Zubayr: chumba katika nyumba yake, chako ukirudi, na cha dada zako, na cha binti zenu. Kuna baba atakayekasirika akisikia neno "ukirudi" kabla ya harusi. Mwambie lilisemwa na sahaba aliyebashiriwa Pepo.

Jambo la mwisho ni la makaratasi. Katika masanduku ya bibi zetu, chini ya khanga za zamani na chupa za mafuta ya asumini, kuna hati za wakfu zilizoandikwa kwa Kiarabu, zimekunjwa mara nne, na waliopo nyumbani hawawezi kuzisoma. Kabla hazijaliwa na mchwa, zipelekeni kwa mtu anayezisoma, kisha Kamisheni wapewe nakala. Majalada ya wakfu ya enzi ya Waingereza mengi yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, na wananchi wanaruhusiwa kuomba kuyasoma. Huenda chumba cha shangazi yako kimeandikwa humo, pamoja na jina lake.